RECEIPT: hiyo P inasemwa au haisemwi? Kuna supu ya pweza hapa inasubiri mlipaji

KaraniWaGhala (Newala)

Wakuu habari za jioni. Nina swali dogo tu ila limeninyima raha toka juzi, na kwa kuwa nimeliwekea dau naomba nijibiwe kwa haki, sio kwa kunionea huruma.

Mi ni karani kwenye ghala moja la korosho huku, huu ndo msimu wangu wa kwanza. Juzi wakaja wageni wawili wa upande wa wanunuzi, mmoja katoka India mwingine Vietnam, bosi akaniambia watembeze uwaeleze mzigo unavyopokelewa mpaka unaingia mnadani. Basi nikajipanga, shati nimechomekea, nikaanza kuwamwagia kiingereza, kwamba magunia yanashuka pale, yanapita kwenye mzani, unyevu unapimwa, halafu mzigo wa chama cha ushirika ukishakubaliwa ghala linatoa "wea-hausi risipti". Nikaitamka na P yake safi kabisa, ri-si-pti, tena nikaikazia maana niliona hapo ndo penyewe, stakabadhi ghalani, ile karatasi ya kuonyesha ghala limepokea mzigo, ndo roho ya biashara yote hii. Yule Mhindi akanitazama. Nikarudia. Akasema "aa, risiit". Nikajisemea moyoni hiyo ni lafudhi yao tu hawa jamaa, nikaendelea na risipti zangu, nadhani nilizitoa kama sita hivi mpaka tunamaliza.

Walivyoondoka yule jamaa wetu wa mzani ambaye shule aliishia form two akaniambia kaka umetuaibisha, ile P haisemwi. Wakuu mimi nina diploma. Nikamuuliza kama haisemwi imeandikwa pale inafanya nini, imekuja kupumzika? Maneno yakawa mengi, tukawekeana supu ya pweza bakuli mbili na chapati zake.

Sasa nauliza, ipi ni sahihi? Na kama kweli haisemwi basi nani aliiweka na alikuwa na shida gani? Na mnielekeze namna ya kuisema maana wale wageni wanarudi wiki ijayo na sitaki tena kutazamwa vile.

BiboBovu (Mtwara mjini)

Lipa supu mkuu. Haisemwi. Nipo Shangani nikisikia mmefika mjini naja kushuhudia chapati zikihesabiwa.

MamaSalfa (Tandahimba)

Kaka karani hebu nikuulize kitu kimoja kabla hujaenda mbali. Ukienda dukani ukanunua kitu, kile kikaratasi unachopewa unakiitaje kwa Kiswahili? Risiti. Si ndiyo? Lile tangazo la TRA linasemaje, ukiuza toa risiti ukinunua dai risiti. Umeiona P hapo? Hakuna aliyesema dai risipti.

Sasa jiulize hao waliotuletea hilo neno risiti walilipata wapi. Walilisikia. Mwingereza alikuwa anasema kwa mdomo na mtu wa kwetu amesimama pale anasikia kwa sikio, hana daftari wala kamusi, akaondoka nalo kama lilivyo akaongeza i mwishoni ili likae vizuri mdomoni, basi. Sisi tuliokuja baadae tukapelekwa shule tukaonyeshwa neno kwenye ubao, ndo tukaanza kuona mapii ambayo wazee wetu hawakuwahi kuyasikia.

Mi nauza pembejeo, kile kimashine changu kinatema risiti kutwa nzima kipindi cha kupuliza mikorosho, na mama zangu wa Kimakonde wanaokuja pale wanaomba "lisiti" na L kwa sababu R kwetu huwa inagoma, tunasema kolosho na tumezoea kuchekwa. Lakini nikuambie ukweli, bibi anayesema lisiti yuko karibu na Mwingereza kuliko wewe na diploma yako, yeye kakosea herufi moja ya ulimi na wewe umeongeza mgeni ambaye hajaalikwa.

Na sio hiyo tu. Kabati. Unajua kwa kiingereza linaandikwaje? Cupboard, na P iko pale katikati imekaa, ila wao wanasema kabad. Wazee walisikia kabad tukapata kabati. Nimonia, ile ya mapafu, kiingereza inaanza na P. Saikolojia hivyohivyo. Nenda kwenye G sasa, saini, kampeni, dizaini, zote kwenye kiingereza zina G ambayo haina kazi na sisi hatunayo. Hata hii salfa yangu ninayouza, dawa ya mikorosho, jaribu kumwambia mkulima wa Tandahimba kuwa imeandikwa na P na H uone kama hatakuuliza umekunywa nini.

BiboBovu (Mtwara mjini)

"Mgeni ambaye hajaalikwa" 😂😂 karani zima data ukalale

MwlMstaafu (Masasi)

Mwanangu karani, nimefundisha kiingereza miaka mingi mpaka nimestaafu na hilo neno nimeliona likiangusha watu wenye vyeo na suti zao, kwa hiyo usijione uko peke yako. P haisemwi. Mwingereza haisemi, Mmarekani haisemi, Mwaustralia haisemi, kwa hiyo hakuna lafudhi ya kujificha nyuma yake. Supu lipa tu.

Ila swali lako la nani aliiweka ni zuri kuliko la kwanza na ndilo lililonifanya nivae miwani. Ni hivi, neno hilo si la Waingereza tokea asili. Mwaka 1066 Wanormani walitoka Ufaransa wakaiteka Uingereza, na kwa muda mrefu baada ya hapo Kifaransa chao ndo kikawa lugha ya wakubwa, ya mahakama, ya mahesabu. Maneno ya pesa na makaratasi mengi yaliingia kwa mlango huo na hili mojawapo. Lilivyoingia lilikuwa halina P mdomoni, na kwenye maandishi wengi waliandika receite au kitu cha kufanana na hicho, maana enzi zile kila mtu anaandika anavyosikia, kama nyie mnavyoandika kwenye simu.

Sasa baadae, tuseme huko karne ya 15 na ya 16, wasomi wao wakashikwa na homa ya Kilatini. Kila neno wanaliangalia ukoo wake. Wakaona hili babu yake ni recepta, kuna P pale, basi wakaona ni aibu neno litembee bila jina la ukoo, wakaichomeka P kwenye maandishi. Lakini mtu wa sokoni hakuambiwa. Aliendelea kusema kama alivyokuwa anasema toka kwa bibi yake, na mpaka leo mkono unaandika cha wasomi na mdomo unasema cha sokoni.

Hawakuishia hapo. Debt, yaani deni, lilitoka Ufaransa likiwa dette, wao wakakumbuka Kilatini ni debitum wakatia B. Doubt, yaani shaka, vilevile, ile B ni ya kutiwa. Na kichekesho chenyewe ni island, kile kisiwa, waliitia S wakidhani ni ndugu yake na isle lililotokana na Kilatini insula, kumbe island ni neno la Waingereza wenyewe toka zamani na halina undugu na hilo hata wa kunyonya. Yaani waliweka herufi kwa kosa na kosa likawa ndo sahihi, na mtoto wa darasa la sita Masasi anachapwa kwa kuisahau.

Halafu kumbe hata wao walichoka njiani. Deceit, yaani hila, na conceit, yaani majivuno, ni maneno ya ukoo uleule, na hayo leo hayana P. Wapo waliojaribu kuyatia, ila haikushika.

Kwenye kuisema sasa. Mama Salfa kakupa dawa. Kwenye Kiswahili mkazo tunauweka silabi ya pili kutoka mwisho, ri-SI-ti. Kiingereza nacho kwenye neno hili mkazo uko palepale, kwenye SI. Kwa hiyo hujifunzi kitu kipya, chukua risiti uliyonayo mfukoni, ile SI ivute kidogo, halafu i ya mwisho imeze ukomee kwenye T. Risiit. Usiivute sana ikawa filimbi. Na hiyo "wea-hausi" nayo irekebishe ukiwa hapohapo, mwishoni hakuna i, ni weahaus, mkazo unaupiga mwanzoni kwenye wea.

Ila angalizo, usije ukapata hasira na P zote ukaanza kuzifuta. Reception na receptionist P inasemwa na inasikika wazi.

MbishiMachinga (Lindi)

Mimi sijakubali na nitabaki sijakubali. Sio P, hiyo nakubali haisemwi, ila hii hadithi ya mama Salfa kwamba sikio la wazee halikosei ni mifano ya kuchaguachagua. Haya nikuulize, luteni? Mwingereza anasema leftenanti, kuna F pale anaisema ambayo hata kwenye maandishi haipo, sasa hao wazee waliokuwa wamesimama wanasikia ile F waliiacha wapi? Sisi tunasema luteni, kama vile tumeisoma kwenye karatasi. Na nenda kwa vijana mafundi wa mabomba uwaulize wanasomea nini, watakwambia plambing, na B yake imekaa, wakati Mwingereza anasema plaming na fundi mwenyewe anamwita plama. Kwa hiyo msituambie Kiswahili kilisikia, kilisikia pale kilipojisikia.

MamaSalfa (Tandahimba)

Machinga hujawahi kukosa neno. Ila hiyo plambing umenisaidia mwenyewe. Imekuja lini? Mi nakua mtu anayetengeneza koki alikuwa fundi bomba, hakuna plamba wala plambing. Hao vijana wameikuta chuoni kwenye daftari, wameiona kabla ya kuisikia, ndo maana wamekuja nayo na B, sawasawa na karani wetu na P yake. Lililoingia kwa sikio halina takataka, lililoingia kwa jicho linakuja na vumbi lote.

Luteni chukua, nakuachia. Na wewe nipe kanali.

MwlMstaafu (Masasi)

Kanali ni mfano mzuri sana. Wengi wakiliona colonel kwenye gazeti wanasema koloneli, wakati Mwingereza anasema kitu kama kenel, L ya katikati haipo kabisa. Hilo neno lilifika kwao kwa sura mbili, moja na L ya kutoka Italia na nyingine na R iliyopitia Ufaransa, wakaja wakachukua maandishi ya moja na matamshi ya nyingine. Kiswahili kikafuata mdomo.

MbishiMachinga (Lindi)

Kwa hiyo Luteni Kanali ni mtu ambaye nusu yake imesomwa na nusu imesikiwa. Sawa nimeelewa jeshi letu.

BiboBovu (Mtwara mjini)

😂😂😂 nimemwaga chai

UstadhMikindani (Mikindani)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi niongeze kidogo kwenye upande ambao mmeuruka. Karani kasema stakabadhi ghalani ndo roho ya biashara, na ni kweli, sheria yake ya 2005 na korosho zetu zikaanza nayo msimu wa 2007, lakini mnajua stakabadhi yenyewe ni neno gani? Ni ndugu yake kukabidhi. Asili ni Kiarabu, qabadha, kushika kitu mkononi, kukipokea. Na receipt ya Waingereza ni ndugu yake na receive, kupokea. Yaani hao watu wawili hawajawahi kukutana, mmoja kapita Bahari ya Hindi mwingine kapita Ufaransa, na wote wamekiita kile kikaratasi kwa jina la kitendo kilekile, kwamba kitu kimefika mkononi.

Na kwenye stakabadhi kila herufi ina kazi yake, hakuna iliyokuja kupumzika kama alivyosema karani. Ila hapo napo tusichekane sana, maana nikipita maghalani nasikia stakabazi, stakabadi, mmoja nilimsikia stakabathi kwenye spika. Dh ulimi unaupeleka mbele unagusa meno ya juu, hewa inapita na sauti inasikika. Wewe karani unayesumbukia P ya Waingereza hebu tujibu, dh yako ikoje?

KaraniWaGhala (Newala)

Ustadh shikamoo. Dh yangu tuiache kwanza, kesi moja kwa siku moja.

NesiWaLiwale (Liwale)

Poleni na majukumu. Karani usijali, mimi yangu ilikuwa mbaya zaidi. Tulikuwa kwenye semina ya lishe, mtoa mada kaweka kwenye projekta recipe ya uji wa lishe wenye unga wa korosho, mi nikaombwa nisome, nikasoma "risipu", mkazo wangu mwenyewe. Watu kimya. Nikajisahihisha nikasema "risaipu". Kimya kingine. Yule mama akasema taratibu, RE-si-pi. Yaani ile E ya mwisho ambayo kwenye kiingereza huwa haisemwi, hapo ndo inasemwa, na P ambayo kwenye receipt imefungwa mdomo hapo inaongea. Kiingereza nacho kina visa.

Kilichonifurahisha nilipokwenda kusoma baadae ni kwamba hayo maneno mawili yalikuwa yanaingiliana, zamani kwenye kiingereza receipt ilikuwa pia na maana ya maelekezo ya kupika. Na recipe yenyewe ni Kilatini cha kuamuru, maana yake "chukua", daktari alikuwa anaanza nayo juu ya karatasi ya dawa, chukua hiki kiasi hiki changanya na hiki. Ile R yenye mguu uliokatwa mnayoiona kwenye vyeti vya dawa na mabango ya famasi ndo hiyo recipe imefupishwa. Nilikuwa naiandika kila siku kazini na siijui jina.

MwlMstaafu (Masasi)

Nesi umenifundisha hilo la projekta, la R nililijua ila sikuwahi kulisema vizuri hivyo. Kumbe kuna watu wanaojua wako Liwale wamenyamaza.

MbishiMachinga (Lindi)

Mwalimu swali la mwisho nikalale. Kama kosa la island likikaa miaka mia tano linakuwa sahihi, na mimi nikianza leo kusema risipti na wajukuu zangu wakasema risipti, si itafika siku itakuwa sahihi?

MwlMstaafu (Masasi)

Inaweza. Kuna maneno ya kiingereza ambayo herufi ilikuwa kimya na sasa watu wanaisema kwa sababu ya kuiona kwenye maandishi, mfano often, wapo Waingereza wengi tu siku hizi wanaoisema T yake na wapo wanaoiacha, na wote ni wazawa. Ila hiyo inatokea watu wengi wakikosea pamoja, wewe ukikosea peke yako Lindi utaitwa umekosea tu.

BiboBovu (Mtwara mjini)

Ndo maana karani anatakiwa atafute wenzake

KaraniWaGhala (Newala)

Wakuu nimerudi. Asanteni wote, kwa kweli nilikuja hapa nikitegemea mtanitetea ila nimepigwa na watu sita. Supu nimelipa leo asubuhi, jamaa wa mzani kala bakuli zote mbili mwenyewe na chapati nne, na kila akimega anasema "risiit" kwa sauti ya kike. Nimevumilia.

Sasa nikasema ngoja nijaribu ile ya Mama Salfa na mwalimu kwa vitendo. Nimefika nyumbani nikamwambia mama sema risiti. Mama ni Mmakonde wa hukuhuku Newala, hajawahi kukaa darasa la kiingereza hata siku moja. Kasema lisiti. Nikamwambia mama rudia ila ile i ya mwisho usiimalizie, iache njiani. Kanitazama kama yule Mhindi alivyonitazama. Kasema "lisiit". Wakuu naapa, ukiitoa ile L ndo ileile aliyosema yule mgeni, ile kabisa, nywele zilinisimama. Nikamwambia rudia tena, karudia, mdogo wangu karekodi kwenye simu, nafanya nayo mazoezi hapa nikiwa nimevaa hedifoni, mwalimu wangu wa kiingereza ni mama.

Baada ya mara ya nne akaacha kupepeta akaniuliza, "We mwanangu, toka umeingia unanitamkisha lisiti lisiti, kwani hela ya ule mzigo imeshaingia benki?"

Nimekosa jibu. Mnada wa kwetu ni Ijumaa.